Moto Ukishatosha

Abiria wanaoshuka Habaswein kula, wakiwa safarini kutoka Garissa kwenda Wajir, hulalamika kwamba nyama ni ngumu. Mimi huwatetea wapishi, angalau nusu. Ngamia aliyezeeka akifuata maji hadi kinamasi cha Lorian hawezi kulainika kwa nusu saa. Shingo na miguu yake imejaa kano, nazo huyeyuka kwa moto mdogo tu, saa baada ya saa, sufuria ikiwa imefunikwa. Mnofu wa mbuzi mchanga ni kinyume chake: ukikaa sana motoni unatoa maji yake yote na kukauka. Ndiyo maana mama mmoja muuza chakula, nilipomuuliza nyama yake huchukua muda gani, alinirudishia swali: "Walaal (ndugu), mnyama wa umri gani?"

Kuna pia woga, na woga huu una sababu. Mwishoni mwa 2006 hadi 2007, baada ya mafuriko, homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo Garissa na jirani zake. Uchinjaji ukapigwa marufuku na bucha zikafungwa. Homa hiyo ilikuwa imeshapita huku mwaka 1997 na 1998. Mtu aliyeona hayo akichemsha nyama mpaka iachane na mfupa, nitamcheka vipi? Maziwa ya ngamia pia, kwa kuogopa ugonjwa wa brusela, mimi nayataka yamechemshwa, hata wazee wakininunia.

Ila usalama una kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifike nyuzi 70 hadi katikati. Maji yakishachemka hayaongezi joto hata urundike kuni za wiki nzima. Kinachoongezeka ni mvuke na moshi. Tena homa ile humnyemelea zaidi anayemchinja na kumchuna mnyama mgonjwa, damu ikiwa mikononi. Huyo sufuria haimsaidii, hata ikeshe motoni. Na kuni hizo za ziada kuna mwanamke aliyezifuata mbali kwa mguu au kwa punda, jambo ambalo sisi tunaoagiza tu hatulihesabu.

Anayedhani watu wa huku hawajui kipimo akamtazame mpishi wa nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande virefu, ikaanikwa juani, ikakatwakatwa tena vidogo vidogo, kisha ikakaangwa mpaka unyevu wote uishe, ili ikae miezi ndani ya samli bila kuoza. Ni nyama iliyokaushwa kwa makusudi, na hakuna anayeiacha jikoni peke yake. Mafuta hupiga kelele maji yakiwa bado yamo. Kelele ikipungua, karai linaepuliwa. Ukichelewa kidogo, inaungua na kuwa chungu, na akiba ya msimu imeharibika.

Wali ukiwa bokoboko naweza kuusamehe, na tambi za baasto vilevile. Maini ndiyo yananishinda. Asubuhi, pamoja na mkate wa anjera, hayana mshindani, lakini yanataka dakika chache tu, na mpishi akigeuka kupokea simu unaletewa soli ya kiatu yenye vitunguu. Siku hizi naagiza chai kwanza, nasubiri msururu wa wateja upungue, kisha naenda kusimama karibu na jiko. Wapishi hawapendi hata kidogo.