Maji ya msikiti ni ya nani?

 

Nianze na kisa. Katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa jiji la Dodoma upo msikiti ambao miaka michache iliyopita ulichimbiwa kisima kirefu na wafadhili kutoka nje. Nasali hapo, na siku za Jumamosi nasomesha watoto madrasa. Kisima kina pampu ya umeme, tangi juu ya mnara, mabomba ya kutilia udhu, na koki moja nje ya ukuta kwa ajili ya majirani. Anayeijua Dodoma hahitaji kuelezwa maana ya koki hiyo. Mvua zetu huanza Desemba na kukoma Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Mji umetegemea visima vya Makutupora kwa miaka mingi, na tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali yote inahamia hapa, watu wameongezeka haraka kuliko mabomba. Ikifika Septemba, dumu la lita 20 ndiyo mazungumzo ya kila nyumba.

Kiangazi kilichopita kamati ya msikiti ilikaa kikao juu ya koki ile. Mjumbe mmoja, mzee wetu wa heshima ambaye hajakosa swala ya Alfajiri msikitini kwa muda ninaoukumbuka mimi, alitoa hoja ifungwe. Alisema mambo mawili. La kwanza, kisima ni wakfu wa Waislamu na wengi wanaochota si Waislamu. Akakumbusha kwamba hata Sayyidna Uthman (r.a.) alipokinunua kisima cha Ruma pale Madina, alikitoa kwa ajili ya Waislamu. La pili, na hili ndilo lililonyamazisha kikao, miongoni mwa wanaochota kila siku yumo mama mmoja anayepika pombe ya mtama, na mtaa mzima unajua.

Akanigeukia. "Ustadhi, wewe ndiye uliyesoma. Tuambie, siku ya Kiyama tutajibu nini? Kwamba maji ya udhu tuliyagawa yakawe pombe?"

Nikasema nipeni wiki moja. Ndugu msomaji, nakiri kwamba sikuomba wiki kwa sababu ya uchamungu. Niliomba kwa sababu nilikwama.

Hoja ya kwanza haikunisumbua sana. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut-Tawba, na wanazuoni wengi wameifungia kwa Waislamu isipokuwa wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao. Lakini sadaka si zaka. Wafasiri wanatueleza kuwa aya ya 272 ya Suratul-Baqara ilishuka pale baadhi ya masahaba walipoona vibaya kuwapa sadaka jamaa zao washirikina, na aya ikamwondolea Mtume (s.a.w.) jukumu la kuwaongoa, kisha ikaendelea kuhimiza kutoa. Asmaa binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akauliza kama amtendee wema, akaambiwa amtendee. Na Qadhi Abu Yusuf anasimulia katika kitabu chake cha Kharaj jinsi Sayyidna Umar (r.a.) alivyomkuta mzee kipofu wa Kiyahudi akiombaomba, akamshika mkono hadi nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akaagiza Baitul-mali imtazame yeye na walio mfano wake. Hakumuuliza kama yuko tayari kusilimu.

Maji yenyewe yana hukumu kali zaidi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na amekataza kuzuia maji ya ziada. Tangi letu hufurika usiku. Kama hayo si maji ya ziada, basi sijui ziada ni ipi.

Hoja ya pili ndiyo iliyoniweka macho. Aya ya 2 ya Suratul-Maida inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Wanafiqhi walilijadili jambo hili karne nyingi zilizopita kwa mfano ambao sisi watu wa Dodoma unatugusa hasa: je, inafaa kumuuzia zabibu mtu unayejua atazikamua kuwa mvinyo? Imamu Abu Hanifa aliona yafaa, kwa sababu dhambi inafanywa na yule anayekamua na wala haimo ndani ya zabibu. Wengi wengine wamekataza au wamechukia. Na hapa niseme pembeni kidogo: wapo Waislamu wenye mashamba ya zabibu Hombolo na Mpunguzi, na wanajua lori linazipeleka wapi. Sijasikia kamati yoyote ikikaa kikao juu yao. Kikao tumemkalia mama mwenye sufuria moja.

Nilipotafakari niliona maji yanatofautiana na zabibu zile. Zabibu zinauzwa kwa mtu kwa kazi moja inayojulikana. Dumu la mama yule linapikia pombe, ndiyo, lakini linapikia pia ugali wa wajukuu zake, linafulia sare zao za shule, na linanywewa. Ukifunga koki, pombe itapikwa tu, maana mwenye biashara hununua maji kwa mkokoteni. Atakayelala na kiu ni mtoto. Na yule mwanamke tuliyesimuliwa katika hadithi sahihi, aliyekuwa kahaba, akamteremshia mbwa maji ya kisima kwa kiatu chake akasamehewa, hakuchunguza mbwa yule ni wa nani na anakwenda wapi.

Kukataza maovu ni wajibu, hakuna anayebisha. Lakini wajibu huo una njia yake. Nikawauliza wajumbe: katika miaka yote hii, nani kati yetu amewahi kubisha hodi kwa mama yule, akakaa kwenye kigoda, akamuuliza kwa nini anapika pombe na angependa kufanya kazi gani nyingine? Kimya. Mimi mwenyewe pia sikuwahi. Tulikuwa tumeanza na adhabu kabla ya salamu.

Sasa hebu tutoke kwenye koki tuangalie lililo nyuma yake. Nilizaliwa Mvumi, katika hospitali ya Kanisa la Anglikana, kama walivyozaliwa Waislamu wengi wa upande ule. Bibi yangu mzaa mama alitibiwa macho hapo hapo akarudi nyumbani na tasbihi yake mkononi. Wasioona wanasoma Buigiri, wenye ukoma walitunzwa Hombolo, na kote huko mkono ni wa dayosisi ile ile ya Central Tanganyika iliyoanzishwa mwaka 1927. Sisi tunaposimulia habari hizi kwenye mabaraza yetu, huwa tunamalizia kwa kusema kwamba huduma ile ilikuwa chambo cha kuwavua watu. Ipo kweli ndani yake, maana wamisionari wenyewe hawakuficha kwamba walitaka watu wabatizwe. Tunaongeza kwamba mkataba wa maelewano wa mwaka 1992 baina ya serikali na makanisa uliwapa nafasi ambayo sisi hatukupewa, na kwamba EAMWS iliyoanzishwa mwaka 1945 kujenga shule za Waislamu ilipigwa marufuku mwaka 1968. Hayo ni ya kweli na yana haki ya kuandikwa, na gazeti la Kiislamu lisipoyaandika ataandika nani? Ila bibi yangu hakutibiwa macho na malalamiko.

Tena kuna hatari upande wa pili. Nimewasikia vijana wetu wakisema tuchimbe visima vingi ili "nasi tuwapate". Yaani chambo tunachokilaumu tunataka kukinunua. Suratul-Insan inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mateka hali wakisema nyoyoni mwao kwamba hawataki malipo wala shukrani. Mateka wa zama zile hakuwa Muislamu, alikuwa mtu aliyekuja kupigana nao. Hakuna ubaya kutamani jirani yako aongoke, nami natamani. Ubaya ni kuifanya ndoo ya maji kuwa bei yake.

Nilipokuwa chuo kikuu nilisoma habari za Wayunitaria, kundi lililotoka ndani ya Ukristo kwa kukataa Utatu. Michael Servetus, ambaye wanamhesabu kama mtangulizi wao, alichomwa moto Geneva mwaka 1553 kwa sababu hiyo. Wapo Marekani, na wachache wapo hata Kenya, Uganda na Burundi. Mwaka 1939 mchungaji wao mmoja, Waitstill Sharp, na mkewe Martha, waliacha watoto wao wawili Massachusetts wakaenda Prague kuwatorosha wakimbizi waliotishiwa na Hitler, wengi wao Wayahudi, watu wasiokuwa wa kanisa lao. Leo katika makusanyiko yao ya Marekani unaweza kumkuta anayemwamini Mungu amekaa na asiyemwamini, na kinachowaunganisha ni kazi wanayowafanyia watu. Mimi siwezi kuifuata njia hiyo. Huduma isiyo na wa kuabudiwa naiona kama nyumba isiyo na kibla. Lakini nilipofunga kitabu nilijiuliza swali lisilopendeza: wao itikadi imelegea na kazi imebaki, je, sisi tuliobaki na itikadi iliyo thabiti, kazi yetu iko wapi? Suratul-Maun inawatisha wenye kuswali kwa jambo dogo mno, kunyima vyombo vya kuazimana. Ibn Masoud (r.a.) alivitaja: chungu, shoka, ndoo. Ndoo!

Wiki ilipotimia niliwasomea wajumbe niliyoyaandika hapa, kwa ufupi. Mzee wetu hakukubali yote. Alisema Uthman ni Uthman na mimi ni mwalimu wa Jumamosi, tukacheka. Lakini alikubali koki ifunguliwe kila siku baada ya Laasiri hadi karibu na Magharibi, kwa yeyote, bila kuulizwa dini wala anachopika, na watu wawili waende kwa mama yule, si kwa ajili ya maji bali kumjulia hali. Walikwenda mzee mwenyewe na mke wa imamu. Walirudi na habari ambazo si za kuandika gazetini.

Limebaki jambo moja. Wiki mbili baadaye mama yule alikuja hadi mlangoni mwa msikiti, amejifunga kanga, akamkabidhi mhazini shilingi elfu tano. Alisema ni za umeme wa pampu, kwani na yeye anachota. Kila mtu anajua fedha ile imetoka wapi. Wapo wanazuoni wanaosema fedha ya namna hiyo isiingie katika jengo la msikiti lakini yaweza kutumika katika maslahi ya watu wote, kama njia na vyoo. Je, umeme wa koki ya nje ni msikiti au ni njia? Mhazini ameitia noti ile ndani ya bahasha, hajaiandika kwenye daftari, na hajaona namna ya kuirudisha bila kumvunjia mama heshima. Kikao kijacho ni Ijumaa, baada ya Isha.