U Hali Gani? Swali kwa Aliyepatwa na Kiharusi

Sisi tunaofundisha Kiswahili huanza somo la kwanza kwa maamkizi. Mwanafunzi huambiwa kwamba akiulizwa "Hujambo?" ajibu "Sijambo", hata kama ana homa, adabu ikisha kutimia ndipo aongeze, "ila kichwa chaniuma kidogo." Ada hii ni njema, wala hatuna nia ya kuitangua. Lakini yafaa tujiulize itakuwaje pale swali la hali linapogeuzwa kuwa kipimo cha kitabibu, jibu lake likaandikwa kwa tarakimu, na anayeulizwa akawa mtu ambaye kiharusi kimempokonya nusu ya mwili, au kimempokonya maneno yenyewe.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu uzibapo au upasukapo katika ubongo. Sehemu iliyokosa damu hufa, na kazi iliyoendeshwa na sehemu hiyo hupungua au hukoma. Mwaka 1957 John Rankin wa Glasgow alitoa ngazi ya kupimia ulemavu wa wagonjwa hao. Mwaka 1965 Florence Mahoney na Dorothea Barthel wa Maryland, Marekani, walitangaza kipimo cha mambo kumi: kula alama 10, kuoga 5, kupanda ngazi 10, na kadhalika hadi kutimia 100. Kipimo hiki kingali chatumika katika nchi nyingi, na hatukibezi. Muuguzi aweza kukijaza kwa dakika chache akajua kama mgonjwa wake asonga mbele au arudi nyuma.

Hata hivyo, katika mambo hayo kumi hamna kusema. Tumfikirie mwalimu aliyepatwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu walio wengi ndiko makao ya lugha. Miezi kadhaa imepita; anakula, anavaa, anaoga, anapanda ngazi bila kushikwa mkono. Amepata 100 kwa 100. Lakini hawezi kutaja jina la mkewe, na atakapo kusema "kitabu" hutokwa na "kiti". Kwa mujibu wa karatasi, mtu huyu hajapungukiwa na kitu. Waliotunga kipimo wenyewe walionya kwamba alama 100 hazina maana kuwa mtu aweza kuishi peke yake, kupika, kutunza nyumba na kukutana na watu. Onyo hilo husahauliwa upesi, kwani tarakimu ina tabia ya kusafiri bila maelezo yake. Sisi tunaojaza ripoti za wanafunzi kila mwisho wa muhula twaijua tabia hiyo.

Ndipo wataalamu walipoanza kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Hojaji moja mashuhuri kutoka Marekani, yenye maswali 36 juu ya afya kwa jumla, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 1999. Asili yake ya Kiingereza humwuliza mtu kama aweza kusukuma mashine ya kusafishia mazulia au kucheza gofu. Maswali ya namna hiyo hayana budi kubadilishwa yavukapo bahari, na kuyabadilisha si kazi ngumu sana. Ugumu umo katika maneno madogo. Kwa Kiswahili neno "uzima" lachukua mambo matatu pamoja: kuwa hai, kuwa na afya, na kutopungukiwa na sehemu. Muulize bibi mwenye mkono uliopooza, "U mzima?" Huyu atajibu "ni mzima", maana yu hai na amshukuru Mungu. Jirani yake mwenye maradhi yale yale atajibu "si mzima", maana mkono wake umekufa. Hapana aliyesema uongo. Mfasiri achaguapo neno moja na kuacha jingine, amekwisha kuingiza mkono wake katika jibu.

Takriban theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi hupata afasia, yaani kuharibika kwa uwezo wa lugha. Tafiti nyingi zimewaacha nje watu hao, kwa sababu iliyo dhahiri: hojaji imejengwa kwa maneno. Pengine huulizwa ndugu zao badala yao. Lakini imeonekana mara nyingi kwamba ndugu huieleza hali ya mgonjwa kuwa mbaya kuliko aielezavyo mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2011 yalitangazwa majibu ya watu 65 wa Ufaransa waliopooza mwili mzima, akili ikiwa timamu, ambao huzungumza zaidi kwa macho: 47 walisema wana furaha, 18 wakasema hawana. Aliye mlangoni akiwatazama asingalikisia hesabu hiyo. Ni kweli kwamba huenda wenye huzuni kuu hawakujibu. Hata hivyo, daktari au mtoto aamuaye kwamba maisha fulani hayafai kuendelezwa, ilhali hajamwuliza mwenyewe, ameamua juu ya jambo asilolijua.

Kwa maoni yetu, jibu la mgonjwa litangulie, hata likichukua saa nzima. Na la ndugu, likilazimika, liandikwe wazi kuwa ni la ndugu. Kwamba jambo hili lawezekana lilionyeshwa London mwaka 2003 na Katerina Hilari, aliyetengeneza hojaji ya maswali 39 kwa wenye afasia: sentensi fupi, mahojiano ya ana kwa ana, na ruhusa ya kujibu kwa kuonyesha kidole. Katika watu 95, 83 waliweza kujieleza wenyewe. Wale 12 waliobaki walizidiwa na afasia yao.

Ndugu wasomaji mlioko Kampala, Bujumbura, Goma na kwingineko, tungependa kujua kwenu mtu aliyepooza upande mmoja huitwaje, huulizwa hali kwa maneno gani, na yeye hujibuje. Tuleteeni maneno hayo kama yasemwavyo, bila kuyasanifisha.