Chipukizi la Chini ya Kiungo

Mwaridi ulionunua kitaluni huenda umebebeshwa: juu maua uliyoyachagua, chini mizizi ya mwaridi-mwitu. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, yaani pale sehemu hizo mbili zilipounganishwa, hilo ni la mwitu. Hukua kasi, na ukiliacha litaumeza mti wote.

Wengi hulikata kwa mkasi usawa wa ardhi. Kazi bure! Macho yaliyobaki huchipua tena, mara nyingi zaidi ya moja. Fukua udongo taratibu mpaka linapoota, kisha ling'oe kwa kulivuta kuelekea chini. Jeraha halipendezi, lakini macho huondoka nalo.

Wapo wanaoshauri kuhesabu vijani vya kila jani ili kulitambua chipukizi la mwitu. Mimi siamini sana hesabu hiyo. Fuata chipukizi hadi chanzo. Likianzia juu ya kiungo, liache, ni lako.