Mikono ya Watu na Hesabu Zetu

Zamani kule Marekani, mabehewa ya treni yaliunganishwa kwa pete ya chuma na pini. Mfanyakazi alisimama katikati, behewa linakuja, yeye anaielekeza pete kwa mkono kisha anatia pini. Akichelewa kidogo tu, vidole vimeenda. Wengine walibanwa wakafa.

Mwaka wa 1873 Eli Janney, karani wa duka, alisajili kiungo kinachojifunga chenyewe mabehewa yakigusana. Dawa ikawa imepatikana. Lakini sheria ya kuzilazimisha kampuni za reli ilitiwa sahihi 1893, baada ya watu kama Lorenzo Coffin, mkulima wa Iowa, kupiga kelele miaka mingi. Miaka 20! Hiyo yote mikono iliendelea kukatika.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo hesabu yao naielewa. Kubadilisha kila behewa ni gharama, na kibarua akiumia, mwingine yuko mlangoni. Kwenye vitabu hesabu hiyo inatoka sawa. Mbele za Mungu haitoki. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye nyumba aweke ukingo darini kabla mtu hajaanguka. Haimwambii angoje serikali.

Ndugu mwenye mashine ya kusaga, ule mkanda ulio wazi unaujua. Dada mwenye hoteli, ule waya pia unaujua. Kutojua kuna msamaha wake. Kujua na kungoja, tutajibu nini? Tusiongoje sheria itufundishe kupenda. Jumatatu, anzia hapo.