Je, Zawadi Huacha Deni?

Mimi nasomea Kiswahili, si baiolojia. Habari hii nilipewa na mwenzangu wa chumba hapa Kampala, ambaye husomea mambo ya maabara, na tangu usiku ule tunabishana.

Katika Bahari ya Pasifiki kuna yavuyavu, mnyama laini wa baharini (sisi wa bara hatumjui), ambaye kingo za mwili wake hung'aa kijani. Mwaka 1962 Mjapani Osamu Shimomura na wenzake walichapisha habari za protini za mnyama huyo. Mojawapo, ukiimulika kwa mwanga wa buluu, hutoa mwanga wa kijani. Leo watafiti huitumia kama taa: huipandikiza katika chembe za saratani, kisha huzitazama zikienea ndani ya panya aliye hai.

Lakini ili kuipandikiza ilihitajika jeni yake. Aliyeipata ni Mmarekani Douglas Prasher, aliyeichapisha mwaka 1992. Fedha za utafiti zikamwishia. Hakuificha jeni ile; aliwapa Martin Chalfie na Roger Tsien, walioiomba. Mwaka 2008 hao wawili pamoja na Shimomura walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Wakati huo Prasher alikuwa dereva, akibeba wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama.

Mwenzangu anasema alidhulumiwa. Nani alimdhulumu? Tuzo moja haigawiwi watu zaidi ya watatu. Chalfie na Tsien walimtaja waziwazi, wakamlipia yeye na mkewe safari ya Stockholm. Baadaye Tsien alimwajiri katika maabara yake. Mimi nilisema: zawadi ni zawadi, ukishatoa umetoa.

Nilisema hivyo kwa ujasiri, kumbe nasahau yangu. Mwaka jana nilimwazima mwanafunzi mmoja daftari langu la sarufi. Alinipita kwa alama nyingi, wala hakunishukuru. Nilikasirika wiki nzima. Kama kweli nilitoa bure, hasira ile ilitoka wapi?

Sasa naona kwamba tulichanganya shukrani na haki. Shukrani Prasher aliipata kwa wale aliowapa. Haki aliikosa mapema zaidi, siku aliponyimwa fedha za kuendelea na kazi aliyoianza mwenyewe. Na hata hao waliomnyima hawakujua jeni ile ingefika wapi. Hapo ndipo ninapokwama: mtu ameumia, lakini mkosaji simwoni. Mwenzangu husema kutomwona mkosaji hakumponyi aliyeumia, na jibu sina.

Juzi yule mwanafunzi aliniomba daftari tena, la fonolojia. Nimempa. Safari hii nimeandika jina langu kwenye jalada kwa kalamu nene, na sijui kama hiyo ni haki yangu au ni uchoyo.