Jirani wa Chini

Jirani ni nani? Swali hili huonekana jepesi mpaka mtu anapotakiwa kulijibu kwa vitendo. Desturi humhesabu jirani kwa nyumba: wa kulia, wa kushoto, wa mbele na wa nyuma. Huyo ndiye apelekewaye sahani ya futari, aombwaye chumvi, aitwaye usiku mgonjwa anapozidiwa. Kipimo hicho ni chema, lakini ni kifupi. Kuna mahali ambapo mtu aweza kumtendea mwenziwe mema au maovu bila ya kumwona uso wala kumjua jina, kwa sababu kiungo kati yao si ukuta, bali ni maji yapitayo. Mahali hapo ni kando ya mto.

Mto Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ukateremka na kuukata mji wa Dar es Salaam, hata ukaingia katika Bahari ya Hindi penye daraja la Selander. Safari yake haitimizi kilometa 50, lakini katika safari hiyo fupi hukutana na kila namna ya maisha ya mji. Mahali pamoja pa kukutana huko ni Vingunguti, mtaa wa watu wa kazi, jirani na viwanda vilivyojipanga kufuata Barabara ya Nyerere, ambayo wazee waliijua kwa jina la Barabara ya Pugu. Hapo yako machinjio makubwa. Nyama hutoka alfajiri kwenda mabuchani. Utumbo, vichwa na kwato huwa na wanunuzi wao. Ngozi hutiwa chumvi. Na mikono mingi hupata riziki katika mnyama mmoja. Aliyetoka bara bila ya kitu ila nguo aliyoivaa aweza kupata huko chumba cha kupanga, kazi ya kubeba, na chakula cha bei aiwezayo. Mtaa huo haustahili dharau. Mji ulao nyama mchana umelishwa na watu waliokesha usiku.

Walakini, kila kazi ina masalio. Damu, kinyesi cha matumboni na maji ya kuoshea sharti yaende mahali. Kazi ya kutia nguo rangi hutoa maji ya rangi, na kazi ya kulainisha ngozi hutoa maji ya dawa. Nyumba zilizobanana zina vyoo vya shimo, na mvua kubwa inyeshapo baadhi ya watu huvitapisha, yaani hulitoboa shimo ili mvua ichukue kilichomo. Kwa miaka mingi masalio ya namna hiyo yamepata njia ya kuufikia mto. Chini ya mkondo wako wakulima wa mchicha na matembele ambao hunywesha matuta yao kwa maji hayo hayo. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wa mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Waliipima kadmiamu, risasi, shaba na zinki iliyokuwamo, na katika baadhi ya mboga kiasi kilipita kile kinachokubaliwa kwa afya ya mlaji. Madhara ya namna hiyo hayana harufu wala rangi. Huenda sokoni katika fungu la kijani lipendezalo macho.

Hapa ndipo swali la jirani linapokuwa gumu. Mchinjaji akiulizwa aweza kusema kuwa maji yalimfikia yakiwa machafu kutoka juu. Mwenye kiwanda aweza kusema kuwa maji yake ni tone tu katika mto mzima. Mpangaji atapishaye choo aweza kusema kuwa gari la kunyonya majitaka ni ghali, tena halipiti katika vichochoro vya kwao. Kila mmoja husema kweli kwa sehemu yake, na jumla ya kweli hizo ndogo ni uovu mkubwa usio na mwenyewe. Hiyo ndiyo hila ya mto: hulichukua kosa mara tu litendwapo, ukamwachia mtendaji ukingo mtupu. Amwagaye taka mlangoni pa mwenziwe hukutana na macho yake kesho. Amwagaye mtoni hakutani na mtu.

Wako wanaolimaliza shauri hili kwa methali: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Husema kuwa aliyejenga bondeni amejitakia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka meta 60 za ukingo wa mto kuwa mahali pasipofanyiwa shughuli za kudumu za watu, na sheria hiyo ina hekima. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika Dar es Salaam, na wengi wa waliookoka katika mabonde walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Lakini wako waliorudi. Hawakurudi kwa kuyapenda mafuriko. Walirudi kwa kuwa riziki yao ilibaki nyuma. Uchaguzi wa mtu aliyewekwa kati ya njaa na maji haulingani na uchaguzi wa mtu aliyewekwa kati ya nyumba mbili. Methali yasema kweli juu ya mwiba wa kujichoma; haikusema kuwa kila mwiba ulio mguuni ni wa kujichoma.

Hata hivyo, huruma nayo ina mpaka. Kumsamehe maskini kila kitu ni kumvua utu, kwa maana asiyeweza kulaumiwa hawezi kusifiwa pia. Basi hatia na ipimwe kwa uwezo wa kutenda vingine. Kiwanda kiwezacho kusafisha maji yake kabla ya kuyaachia, kisha kikaacha ili kuongeza faida, kina hatia kubwa. Mji upokeao kodi usichimbe mifereji wala usizoe taka, hatia yake iko karibu na hiyo. Mpangaji wa chumba kimoja ana hatia ndogo, lakini ndogo si sawa na hakuna: hawezi kujenga bwawa la majitaka, ila aweza kuacha kutupa mfuko wa taka mtoni. Kila mtu hudaiwa kwa kadiri ya mkono wake, wala deni kubwa la mmoja halifuti deni dogo la mwingine.

Yuko mdaiwa mmoja zaidi ambaye aghalabu husahauliwa, naye ni mlaji. Anunuaye kilo ya nyama mahali mbali na Vingunguti, wala asipate kuusikia uvundo wa mto hata siku moja, anakaa juu ya mkondo ule pamoja na mchinjaji. Avaaye kiatu cha ngozi na avaaye kitambaa cha rangi wanakaa huko pia. Juu na chini ya mto si mahali katika ramani tu. Ni nafasi ya mtu katika shughuli za watu. Apataye faida ya kazi isimfikie karaha yake, huyo yuko juu, hata nyumba yake ikiwa kilometa nyingi kutoka ukingoni. Kama bei ya nyama haina ndani yake gharama ya kusafisha maji yaliyooshea damu, gharama hiyo haikutoweka. Imelipwa na mtu wa chini, kwa tumbo lake au kwa tumbo la mtoto wake.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya kulitengeneza bonde la Msimbazi. Fedha zaweza kuinua daraja, kupanua mkondo na kumlipa mwenye nyumba ahame. Haziwezi, peke yake, kumfanya mtu amhesabu mwenziwe asiyemwona. Kazi hiyo ni ya moyo na ya sheria pamoja: sheria imzuie asiye na haya, na moyo umwongoze mtu mahali ambapo askari hayupo.

Tena hapana mtu akaaye juu daima. Penye daraja la Selander mto hukutana na bahari, na bahari hujaa na kupwa. Bahari ikijaa siku ya mvua kubwa, maji ya mto hukosa pa kwenda, yakarudi nyuma na kutanda katika bonde. Daraja hilo ndilo njia ya waendao Oysterbay, mtaa wa nyumba kubwa, nao hupita juu ya yote yaliyoteremka kutoka Vingunguti. Mtu wa juu na mtu wa chini hunywa katika mji mmoja na kula katika soko moja. Akiulizwa jirani yake ni nani, mtu wa mjini hana budi kuanza kwa swali jingine: maji aliyoyamwaga asubuhi yamefika kwa nani jioni?