Ustadi wa Uwanjani na Haki ya Kuongoza

Je, ubingwa wa mtu katika fani yake humpa haki ya kuongoza watu katika mambo mengine? Swali hili la kale liliwafikia wapiga kura wa Kibra, kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, tarehe 7 Novemba 2019. Katika uchaguzi mdogo wa kumrithi mbunge Ken Okoth, aliyefariki mwezi Julai, chama cha Jubilee kilimsimamisha McDonald Mariga, kiungo mkabaji wa zamani wa Inter Milan.

Ubingwa wake haukuwa na shaka. Mariga alizaliwa mwaka 1987, akasoma Shule ya Upili ya Kamukunji, akapitia Sweden kabla ya kujiunga na Parma ya Italia. Mapema mwaka 2010 alihamia Inter, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, na mwezi Mei mwaka huohuo klabu yake ikatwaa kombe hilo.

Wanaomtilia shaka mgombea wa aina hii wana hoja kongwe. Plato anasimulia jinsi Socrates alivyowahoji mafundi wa Athens. Aliwakuta wakijua kazi zao kweli, lakini kila mmoja, kwa kuwa alikuwa hodari katika ufundi wake, alijiona mwenye hekima hata katika mambo makubwa asiyoyajua. Kwa mtazamo huo, kusoma mchezo na kukata pasi za wapinzani hakumfundishi mtu kutunga sheria wala kukagua bajeti ya serikali.

Hoja hiyo ina upungufu. Bunge si chuo cha mabingwa wa fani moja. Huingiwa na walimu, wafanyabiashara, mawakili na wakulima. Anayemzuia mchezaji kwa sababu ya kazi yake hana budi kuwazuia na hao. Tena Aristotle aliona kwamba mkaaji wa nyumba huijua kasoro yake kuliko aliyeijenga, na mlaji huhukumu chakula vyema kuliko mpishi. Basi anayefaa kupima uongozi ni anayeongozwa, na kipimo chake si cheti wala medali.

Wakazi wa Kibra walipima kwa njia hiyo. Imran Okoth wa chama cha ODM, ndugu ya marehemu, alipata kura 24,636. Mariga alipata 11,230. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba wanasoka hawafai siasa. Kibra ilikuwa ngome ya ODM, na mbunge aliyetangulia alikuwa amejijengea jina kwa kushughulikia elimu ya watoto wa eneo hilo. Yanachoonyesha ni kwamba sifa aliyoipata mtu Milano haikugeuka yenyewe kuwa imani ya watu wa kata za Kibra kama Laini Saba au Sarang'ombe. Liberia ilitoa funzo kama hilo kwa mapana zaidi: George Weah, mchezaji bora wa dunia wa 1995, alishindwa urais mwaka 2005, akaupata 2017, kisha akaondolewa kwa kura mwaka 2023. Umaarufu ulimfanya asikilizwe. Kumpa dola na kumnyang'anya kulibaki mikononi mwa raia.

Mwezi Desemba 2024 Mariga alichaguliwa naibu rais wa Shirikisho la Soka Kenya, akiwa mgombea mwenza wa Hussein Mohammed. Hapa ustadi wake una uzito zaidi, maana anayajua maisha ya mchezaji kwa kuyaishi. Hata hivyo, kusimamia fedha, ratiba na waamuzi ni kazi nyingine tofauti na kucheza. Kwa hiyo ubingwa humpa mtu haki ya kusikilizwa, hasa katika fani yake. Haki ya kuongoza hutolewa na wanaoongozwa, na mwenye kupewa huidumisha kwa kazi anayoifanya akiwa madarakani.